Karo la Diwani Reino

Tucson, Arizona
20 Machi 2016

Kaka Reino,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa karibu na jiko, si juu ya paa unakwangua theluji kama mwaka jana, ukaja kuniambia eti ulikuwa unatazama mandhari. Simu najua ipo, ila wewe husikii na mimi sipendi kupiga kelele, kwa hiyo tuendelee na karatasi. Mimi sijambo. Joto limeanza na mgongo wangu unalipenda. Binti yangu Carol anakusalimu. Mwanawe mkubwa bado anajitafuta, na sisi tumekubaliana kutomuuliza amejipata wapi.

Gazeti ulilonitumia nimelisoma mara mbili. Kura tano kwa nne! Miaka tisa umewapigia kelele, na sasa imekuwa sheria: hakuna nyumba ya shamba itakayouzwa katika kaunti yenu mpaka kisima chake kipimwe na karo la choo likaguliwe. Hongera sana, mheshimiwa. Naona mhariri amekubandika jina la "Diwani wa Vyoo". Baba angecheka mpaka kofia ianguke.

Sasa tuje kwenye letu. Daktari amekwambia magoti yako hayatavumilia majira mengine ya baridi kwenye ngazi zile, na kwenye nyumba ya wazee karibu na kanisa wamekushikia chumba mpaka Oktoba. Shamba ni letu sote wawili, na saini yangu iko tayari. Nakuomba kitu kimoja: uza mapema. Sheria yako inaanza tarehe mosi Julai. Uza Mei. Uza Juni. Usiniulize kwa nini, ni mawazo ya bibi kizee.

Waino hajambo? Najua hamsemeshani. Nauliza tu.

Dada yako,
Lempi


Barabara ya Kangas, Michigan
9 Aprili 2016

Lempi mdogo wangu,

Salamu zako zimefika pamoja na theluji, inchi sita kwa siku moja, Aprili hii. Mzima niko. Magoti yanalia kama mlango wa ghala lakini mdomo unafanya kazi. Nilijaribu kuoka ule mkate wa iliki wa Mama. Nikawamwagia ndege, nao wakauacha.

Barua yako imenishangaza. Unataka mimi niliyeitunga sheria niikimbie kwa mlango wa nyuma wiki chache kabla haijaanza? Watu watasema nini kwenye kahawa baada ya ibada? Hapana. Nyumba hii itakuwa ya kwanza kukaguliwa katika kaunti nzima, na nitamwalika mhariri aje na kamera yake. Hofu ya nini? Baba alitia karo jipya la zege mwaka 1966, nikiwa jeshini Ujerumani, kwa fedha za gari langu la Studebaker alilomuuzia mtu wa mji wa Duluth bila kuniuliza. Sijasahau. Ufunguo wa akiba ninao kwenye droo mpaka leo, na mtu yule hakuwahi kuuomba, sijui ni mnunuzi wa namna gani. Lakini karo ni imara. Miaka hamsini halijasumbua, hata kufyonzwa halijahitaji, na kile kichaka cha maua ya zambarau alichopanda Mama juu yake kinachanua kuliko chochote barabara hii.

Wanunuzi nimeshapata. Kijana anaitwa Derrick na mkewe Shawna, watu wapole, na mke ana mimba ya kujifungua Septemba. Waliniuliza kama maji ni mazuri kwa mtoto. Nikawaambia wangoje Julai wasome majibu kwenye karatasi. Hiyo ndiyo maana ya sheria.

Na kuhusu Waino Lahti, sijui kwa nini unaniuliza kila barua. Yupo ng'ambo ya ua, mteremkoni, anakamua ng'ombe wake. Unajua yaliyotokea mwaka 2007. Mjukuu wake Anja, kichanga cha miezi mitatu, alinyweshwa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji ya kisima chao, midomo ikageuka rangi ya samawati, nusura tumzike. Mimi nilisimama mkutanini nikasema mbele ya wote kwamba chanzo ni shimo lake la samadi, na kwamba asiyejali anachomnywesha mjukuu wake hastahili kuitwa babu. Hakujibu. Alivaa kofia akatoka. Mwanawe akahamia Wisconsin na mtoto. Tangu siku hiyo Waino hajatia mguu kwenye sauna yangu, kile chumba cha kuogea mvuke wa mawe ya moto, na kabla ya hapo hakukosa Jumamosi hata moja kwa miaka arobaini. Kama nilimwonea, si angejitetea?

Kaka yako,
Reino


Tucson
2 Mei 2016

Kaka,

Nashukuru kwa barua. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umevimba, ndiyo maana nimechelewa. Carol amenipakia rangi jikoni, rangi ya limau, kila asubuhi nakunywa kahawa kama niko ndani ya tunda.

Hongera kwa kupata wanunuzi. Mtoto Septemba, hiyo ni baraka. Nimekuwa nikiwaza. Kwa nini usiweke karo jipya kabisa, upande wa kaskazini, mbali na mteremko, kabla ya huyo mkaguzi kuja? Liwe zawadi kwa mtoto. La zamani usiliguse. Lifunike tu, acha maua ya Mama yaendelee. Watu wengi hufanya hivyo.

Na wewe unayewahubiria watu wafyonze makaro yao kila miaka mitatu, iweje la kwako halijafyonzwa miaka hamsini na unalisifia? Umewahi kulifungua hata mara moja? Safari hii nakuomba unijibu.

Waino amezeeka sana? Nauliza tu.

Lempi


Barabara ya Kangas
18 Juni 2016

Lempi,

Wiki sita sijakuandikia kwa sababu nilikasirika, halafu nikasahau kukasirika, halafu mbu wakaja na nikakasirika na mbu. Sasa niko sawa. Mti wa tufaha umeanguka na upepo, ule uliokuvunja mkono utotoni. Bibi Saari wa kwaya amefariki, tulikula vizuri mazishini.

Karo sijalifungua. Sijawahi kuwa na haja. Natumia peke yangu, maji kidogo, na Baba hakuwa mtu wa kufanya kazi nusunusu. Unazungumza kama wale madiwani wanne waliopiga kura ya hapana: funika, usiguse, watu wengi hufanya hivyo. Hao wengi ndio waliotufikisha hapa! Nimewekewa tarehe saba Julai. Jina langu liko namba moja kwenye daftari la mkaguzi, nimelithibitisha mwenyewe.

Amani,
Reino


Barabara ya Kangas
12 Julai 2016

Lempi mdogo wangu,

U mzima? Huku jua kali na matunda ya porini yameanza kuiva. Hujaniandikia tangu Mei. Kama ni kununa, umenishinda.

Mkaguzi alikuja Alhamisi. Ni binti anayeitwa Joelle, hajafika miaka thelathini, ana buti kubwa kuliko zangu na chuma kirefu cha kuchomea ardhini. Nilivaa tai. Usicheke. Mhariri naye alikuja. Kisima chetu kiko juu ya kilima na Joelle ameshasema hakina tatizo, sampuli imekwenda maabara. Kwa karo, alimimina chooni chupa ya rangi ya kijani akaniambia nivute maji mara nyingi kwa siku tatu, nami nitazame kama rangi itaibuka uwanjani. Nimevuta kwa bidii. Nimekaa kibarazani na kahawa yangu siku tatu naangalia nyasi, Lempi, na halijatokea hata tone. Nyasi ni zilezile. Mhariri akapiga picha.

Sasa sikia kituko. Leo asubuhi nimekuta chupa ya jamu imefungwa kwa waya kwenye sanduku langu la barua. Ndani mna maji ya kijani kibichi, yanang'aa. Hakuna karatasi wala neno. Lakini mkono ule naujua, Waino hupinda waya kuelekea kushoto. Miaka tisa hajafungua kinywa, na siku anayoamua kunidhihaki anatia rangi kwenye maji na kunitundikia kama mapambo! Amesikia habari za ukaguzi wangu dukani, bila shaka.

Nilimwonyesha Joelle alipopita mchana ili tucheke pamoja. Hakucheka. Aliinua chupa juani, akatazama mteremko, kisha akaniuliza kisima cha jirani kiko wapi. Anarudi na mashine ya kuchimba Ijumaa.

Reino


Barabara ya Kangas
16 Julai 2016

Lempi,

Leo sina salamu.

Futi tatu chini ya maua ya Mama chuma cha Joelle kiligonga bati. Si zege. Tulipofukua tukakuta kitasa cha mlango, Lempi. Kitasa cha gari. Kioo kimeteremshwa nusu, bomba la choo limeingizwa dirishani kwa unadhifu na kuzibwa kwa turubai na lami. Kazi ya Baba naifahamu hata ikiwa ndani ya kinyesi.

Rangi imebaki kidogo pembeni mwa mlango. Sikwambii ni rangi gani. Niambie wewe.

Joelle ameniuliza aandike nini kwenye fomu, mahali palipoandikwa "aina ya karo".

Reino


Tucson
22 Julai 2016

Kaka,

Kijani.

Mimi ndiye niliyeliendesha mpaka shimoni. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Wewe hukumwona Mama baridi ile, alivyokuwa hawezi kufika choo cha nje bila kushikwa mikono miwili, na jinsi alivyoona haya. Karo la zege Baba hakuliweza. Gari lako lilikuwa ghalani, kubwa, la chuma. Alizunguka kulitazama wiki nzima. Kisha akaja Waino na trekta lake wakachimba, wakatoa viti, mimi nikakaa kwenye ndoo nyuma ya usukani nikaliteremsha polepole. Baba alivua kofia kama yuko mazishini. Mama alipata choo cha ndani kwa miaka saba aliyobakiwa nayo.

Alitaka kukununulia jingine kabla hujarudi. Hakuweza. Uliposhuka kwenye basi ukauliza gari, mdomo wake ukasema Duluth, na baada ya hapo sote tukawa watu wa Duluth. Alituapisha, mimi na Waino.

Lakini si hilo linalonitoa machozi. Mwaka 2007 uliponiandikia jinsi ulivyomshutumu Waino mkutanini, nilijua palepale. Kisima chake kiko mteremkoni, chini ya pale lilipozikwa gari. Bati la mwaka 1966 lilikuwa limeshaoza. Nilikaa na kalamu siku tatu. Nilichokuandikia mwishowe, nenda katazame kama bado unayo, ni ukurasa mzima kuhusu mpungate wangu, ule mmea wa miiba wa jangwani, uliotoa ua. Miaka tisa nimekuuliza kama Waino hajambo badala ya kukwambia. Nimekuwa mwoga, Reino, na nakuomba radhi, ingawa radhi yenyewe si yako peke yako.

Nilipokuambia uuze kabla ya Julai, nilikuwa tayari kumwachia mnunuzi yeyote, kumbe angekuwa Shawna na mtoto wake, jambo lile ili nisiandike barua hii. Nimeliandika hilo nilione.

Lempi


Tucson
20 Agosti 2016

Kaka,

Wiki nne. Sanduku langu linajaa matangazo ya vifaa vya kusikilizia, nadhani ni ya kwako. Nitukane kama unataka, lakini niandikie.

Lempi


Barabara ya Kangas
10 Septemba 2016

Lempi mdogo wangu,

Nakusalimu, na safari hii ni salamu kamili. Niko mzima, magoti ni yaleyale, usiku umeanza kuwa baridi. Kahawa ipo. Mkate wa iliki umefanikiwa, nitakwambia sababu.

Barua yako niliisoma nikaificha kwenye droo pamoja na ufunguo. Nilikuwa na hasira na Baba, na wewe, na mtu wa Duluth. Kisha hasira ikaisha ikabaki aibu, na hiyo haikwisha. Kila nikivuta maji chooni nilikumbuka yale niliyosema kuhusu babu asiyestahili.

Joelle aliandika "gari" kwenye fomu. Ukaguzi namba moja wa kaunti: umefeli. Angeweza kunipigia simu kimyakimya, nami ningeweza kutumia zile siku thelathini za kukata rufaa nilizozitia mwenyewe kwenye sheria. Badala yake nilikwenda kwenye baraza la madiwani mwezi uliopita, nikasimama mahali palepale niliposimama mwaka 2007, nikaisoma ripoti yangu yote kwa sauti. Wale wanne wa hapana walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Nikawaacha wamalize. Kisha nikasema kwamba uchafu uliomuumiza mtoto Anja ulitoka kwangu, na kwamba nilimwonea Waino Lahti mbele ya watu. Hapo hakuna aliyecheka. Mhariri amenibadilishia jina, sasa ni Diwani wa Studebaker. Nimelipokea.

Kesho yake nilishuka kwa Waino kwa miguu, magoti yakilia njia nzima. Alifungua mlango na kitambaa cha vyombo begani.

"Umekuja na fomu?" akauliza.

"Sina fomu."

"Basi ingia, unaniingizia nzi."

Tulikaa jikoni. Kuna madumu ya maji ya dukani kando ya ukuta, mengi, na nilipoyaona nikaelewa kwamba hajanywa maji ya kisima chake miaka yote hiyo. Aliniwekea maziwa mgando na kijiko. Nilimwomba radhi. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri yote yakapotea, nikasema tu, "Nilikuonea, Waino." Akakoroga kahawa yake muda mrefu.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza. "Ungesema neno moja tu mkutanini ungeniziba mdomo."

"Shimo nilichimba mimi," akasema. "Kwa trekta langu, upande wa juu wa kisima changu mwenyewe. Baba yako alinionyesha mahali nami sikufikiri. Mtoto alipogeuka rangi nikajua. Nikamwambia mwanangu amchukue aende naye mbali. Ulipokuwa unanisema pale mbele, mimi nilikuwa najiambia, huyu anasema kweli, amekosea shimo tu."

Lempi, Nililia kwenye maziwa mgando ya watu.

Baadaye nikamuuliza kuhusu ile chupa. Akasema aliapa kwa Baba kutosema, hakuapa kutotundika chupa. Alipofungua bomba la nje kunywesha ndama na maji yakatoka kijani, aliona sasa ni sheria inayosema, si yeye. "Sheria yako nilikuwa naiombea ipite," akasema. "Miaka tisa. Nilidhani wale wanne watakushinda."

"Na mtu wa Duluth?"

"Tulimchukia sana yule mtu," Waino akasema. "Baba yako kuliko wote. Bwana mwenyewe hakuwahi kuzaliwa."

Tukaanza kucheka kama watoto kanisani.

Gari wamelitoa wiki iliyopita. Waino alikuja kusimama nami. Nilijaribu ufunguo, usinisimange. Uliingia lakini haukugeuka. Karo la zege liko upande wa kaskazini kama ulivyoshauri, na kwa Waino tumechimba kisima kipya, kirefu, mbali na mteremko. Gharama nimelipa mimi, usibishane nami. Derrick na Shawna wamengoja. Mtoto amezaliwa Jumatatu, wa kike, na wanahamia Oktoba wakiwa na karatasi mkononi. Mwanawe Waino amesema huenda atamleta Anja msimu wa kuwinda kulungu. Hajaahidi. Ana miaka tisa na anacheza mpira wa magongo.

Mkate wa iliki aliuoka Waino. Alikuwa na maelekezo ya Mama tangu siku hizo. Nilimuuliza aliyapata kwa nani, akatazama dirishani. Halafu akaniuliza kama hujambo. Ati anauliza tu. Hilo nakuachia wewe ulijibu, na usinipitishie mimi.

Kuhusu yale ya Shawna uliyoyaandika ili uyaone, nami nimeyaona. Uliyaandika, na hayakutokea. Tuyaache hapo.

Jumamosi saa kumi alasiri niliwasha sauna. Nikaweka mataulo mawili, kwa mazoea tu, nikajiambia. Mlango ukafunguliwa, akaingia, akapanda benchi la juu, pembeni kwenye nafasi yake ya zamani. Mawe yalikuwa yamekolea moto. Nikachota maji kwenye ndoo, nikainua kata nimwage, na Waino akanishika mkono.

"Haya yamepimwa?"

"Yamepimwa," nikamwambia.

"Basi mwaga."

Kaka yako,
Reino